Maji Yaliyopandishwa na Jua ni ya Nani?

Bujumbura imekaa miguuni pa milima. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki ardhi inapanda ghafla, na katikati hushuka mito mifupi yenye kasi: Ntahangwa, Muha, Kanyosha. Mkazi wa mji huu hahitaji kufundishwa kwamba kwa habari ya maji kuna aliye juu na aliye chini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka na matope na mawe hadi mitaa ya kaskazini, Kamenge na majirani zake, ikaua watu wasiopungua 60. Maji yalifuata njia yao ya siku zote, na njia hiyo ilipita katikati ya nyumba za watu.

Wahenga walisema maji hayapandi mlima. Siku hizi yanapanda. Tuseme yupo mkulima Isare, au sehemu za juu za Gihosha, mwenye kiwanja chenye mteremko na kijito pembeni. Anataka kufuga tilapia katika tangi na kuotesha lengalenga, yaani mchicha, na saladi kwa maji yaleyale, mfumo unaoitwa akwaponiki. Umeme wa REGIDESO, shirika la taifa la maji na umeme, haujamfikia. Nchini Burundi ni karibu mtu mmoja tu kati ya kumi aliyeunganishwa. Mafuta ya jenereta ni ghali, na kwa miaka ya karibuni foleni za kuyatafuta zimekuwa sehemu ya maisha ya mji. Kilichobaki ni jua. Anateremka mjini, anakuta madukani paneli na pampu za ukubwa mbalimbali, na anauliza swali ambalo kila mnunuzi huuliza: nichukue ipi?

Fundi atamjibu kwa wati na mita. Atakuwa sahihi, lakini atakuwa amejibu nusu ya swali. Pampu inapoanza kuzunguka, maji yaliyokuwa ya wote yanageuka kuwa ya mmoja, na ukubwa wa pampu ndio unaoamua yatageuka kiasi gani na nani atapungukiwa. Hilo ni swali la haki, na dini na falsafa zimelishughulikia tangu zamani, kabla paneli ya kwanza haijatengenezwa.

Kwanza, kwa nini mtu afuge samaki mlimani ilhali ziwa liko chini ya macho yake? Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470 hivi, na nchi nne zinalichangia: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Samaki wake, ndagala na mukeke, wamelisha Bujumbura tangu ilipoitwa Usumbura. Lakini mwaka 2003 Catherine O'Reilly na watafiti wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba joto linaloongezeka limezuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike kama zamani. Virutubisho vilivyo kilindini havipandi tena kwa wingi uleule, uzalishaji wa vijimea vinavyolisha ziwa zima umepungua kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki walikadiria kuwa yameshuka kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa lina mpaka. Ardhi ya Burundi nayo ina mpaka, kwani ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye msongamano mkubwa wa watu, na mashamba hugawanywa kila kizazi mpaka yanabaki vipande.

Hapo ndipo akwaponiki inapomvutia mwenye kiwanja kidogo. Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kwa kinyesi. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto za vitanda vya mboga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo chakula cha mboga. Mboga zikishakula, maji yaliyosafika hurudi kwa samaki. Wakulima wa Qingtian nchini China walikuwa wakifuga samaki ndani ya mashamba ya mpunga kwa karne nyingi. James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Virgin Islands, huko Karibi, ndio waliofanya kazi kubwa ya kuutafutia mfumo wa matangi vipimo vyake kuanzia miaka ya 1980. Uzuri wake mkubwa ni kwamba maji hayaishi haraka. Kila siku hupotea asilimia 1 hadi 3 tu, kwa mvuke na kwa kunywewa na mimea.

Sasa hesabu ya fundi, kwa kuwa bila hiyo mjadala wa haki unaelea hewani. Chukua tangi la samaki la lita 2,000. Mwongozo wa FAO wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo unashauri kilo 20 za samaki kwa kila lita 1,000, yaani kilo 40 hapa, na maji ya tangi yazunguke takriban mara moja kwa saa. Basi pampu inatakiwa kupandisha lita 2,000 kila saa kutoka shimo la chini hadi tangi la juu. Kama kimo hicho ni mita 4, kazi halisi ya kunyanyua ni wati 22. Pampu ndogo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu inayopewa, kwa hiyo itadai wati 70 na ushee. Kimo kikiwa mita 12, kazi inakuwa mara tatu, na pampu itadai wati zaidi ya 200. Ikizunguka mchana na usiku, mfumo wa kwanza utakula kilowati-saa 1.7 hivi kwa siku, wa pili zaidi ya 5. Milima ya Bujumbura hupata jua kamili la saa 4 hadi 5 kwa siku ukipiga wastani. Tofauti ya mita 8 za kimo, basi, ni tofauti kati ya paneli mbili na paneli sita, pamoja na betri zake.

Mlima humkopesha mkulima mteremko. Maji yakishafika juu yatapita kitanda baada ya kitanda yenyewe, bila mashine. Lakini kila mita aliyoshuka nayo atailipa kwa kuipanda tena. Mwenye busara atavipanga vitanda vyake kwa kukata ubavu wa mlima, kama inavyochimbwa mifereji ya kuzuia mmomonyoko, badala ya kuvishusha kama ngazi hadi bondeni. Atatumia bomba pana ili maji yasisuguane na kuta zake. Kwa kufanya hivyo ataweza kuchukua pampu ndogo kuliko ile aliyoonyeshwa dukani. Uchumi na uadilifu, hadi hapa, vinakwenda pamoja.

Swali gumu linaanzia pale ambapo pampu kubwa haigharimu sana kuliko ndogo, na jua halitozi chochote.

John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba maji ya chemchemi ni ya wote, lakini yakishaingia chomboni ni ya aliyeyateka, kwa sababu ameyachanganya na kazi yake. Aliweka sharti: wengine wabakiziwe ya kutosha na yenye ubora uleule. Wanazuoni wa fikihi ya Kiislamu walikuwa wamefika mahali pa karibu na hapo karne nyingi kabla yake. Mto mkubwa, walisema, hauna mwenyewe. Kijito kina zamu. Maji yaliyokusanywa katika chombo ni mali ya mwenye chombo. Katika mafundisho haya yote mawili pampu inasimama mlangoni kabisa, pale ambapo cha wote kinageuka cha mtu.

Lakini mafundisho hayo yaliandikwa katika dunia ambamo mlangoni hapo alisimama binadamu au mnyama. Mwanamke anayeteka maji kijitoni hujaza dumu la lita 20, hulipandisha mlima kichwani, na akifika nyumbani pumzi zimemwisha. Mwili wake ndio kipimo chake. Hata akiwa na tamaa hawezi kukikausha kijito. Pampu ya dizeli nayo ilikuwa na breki: kila lita ya maji ilidai tone la mafuta, na mafuta yalidai pesa. Pampu ya sola imeondoa breki zote mbili. Ikishanunuliwa, lita ya elfu moja haigharimu zaidi ya lita ya kwanza. Kama kazi ndiyo iliyompa mtu haki juu ya maji, na kazi sasa inafanywa na jua, haki hiyo imetoka wapi?

Mkulima atajibu kwamba paneli aliinunua kwa pesa halali. Ni kweli. Amenunua paneli, jua hakulinunua, na kijito hakukinunua. Mtume Muhammad, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, aliwahesabu Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Jua likihesabiwa kuwa ndio moto wa zama hizi, mwenye pampu ya sola anashika kwa mkono mmoja viwili kati ya vitatu. Hakatazwi kuvitumia. Mshirika ana haki ya kutumia mali ya ushirika. Asichokuwa nacho ni haki ya kutumia bila hesabu.

Na historia inaonyesha kwamba bila hesabu, unafuu huzaa matumizi makubwa. Mwaka 1865 mwanauchumi William Stanley Jevons aliona kwamba injini za mvuke zilizobana matumizi hazikupunguza makaa ya mawe yanayochomwa Uingereza; ziliyaongeza, kwa sababu nguvu ilikuwa rahisi na kila mtu akaitaka. India imeishi na tatizo la aina hiyo katika visima: umeme wa bei ya chini vijijini uliteremsha maji ya ardhini katika majimbo kadhaa, na pampu za sola zilipokuja hofu ikazidi. Katika kijiji cha Dhundi, jimbo la Gujarat, wakulima wachache walijibu mwaka 2016 kwa kuunda ushirika unaouza umeme wa ziada wa paneli zao kwenye gridi. Saa ambayo shamba halihitaji maji, jua linaingiza pesa bila kuvuta hata tone. Wamerudisha breki iliyokuwa imeondoka.

Hoja ya kiasi, basi, ndiyo kiini. Na juu ya kiasi kuna hukumu moja ya Madina inayostahili kusomwa polepole na kila anayeishi mlimani.

Zubayr ibn al-Awwam, binamu yake Mtume, aligombana na mtu wa Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, kuhusu mifereji iliyoteremka kutoka Harra, eneo la mawe nje ya mji huo. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Hukumu ya kwanza ya Mtume ilimtaka amwagilie, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani. Yule Ansari akalalamika kwamba Zubayr amependelewa kwa ajili ya undugu. Ndipo Mtume, hali uso umembadilika, alipompa Zubayr haki yake yote: azuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, kisha ayaachie. Bukhari na Muslim wameipokea. Baadaye waliokuja walipima kiasi hicho wakakuta kinafika kwenye vifundo vya miguu, na kipimo hichohicho kinatajwa katika hukumu ya bonde la Mahzur: wa juu atashika maji hadi vifundoni, kisha yashuke kwa anayemfuata.

Hukumu hii ina mambo mawili ambayo mara nyingi hutenganishwa. Aliye juu ana haki ya kutangulia, na haki hiyo si ya kuomba radhi. Lakini haki yake ina kimo kinachoonekana kwa macho. Mtu yeyote anaweza kuingia shambani na kuutazama mguu wake. Haikuachwa kwa dhamiri ya mwenye shamba peke yake, wala kwa maneno mazuri ya kuhimizana. Kiasi kiliwekwa mahali ambapo jirani anaweza kukiona.

Jamii za milimani na jangwani zimefanya vivyo hivyo kwa namna zao. Nchini Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu, mifereji ya aflaj iliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 iligawa maji kwa muda: mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Kunywa kulitangulia, mashamba yakafuata. Katika milima ya Pare, Tanzania, wakulima walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu iliyojulikana. Anayetaka kuiba zamu angeonekana na kijiji kizima.

Pampu ya sola iliyofungwa nyuma ya ukuta haionekani na mtu. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Hadi sasa hoja zote zinamvuta mkulima kwenye pampu ndogo. Lakini yupo mwingine anayemvuta upande wa pili, naye hana mdomo wa kudai: samaki.

Tilapia ni mvumilivu, ila uvumilivu wake una mwisho. Saa nane za usiku, pampu ikisimama kwa sababu betri imeishiwa, maji ya tangi hutulia. Bakteria wanaendelea kuvuta oksijeni, mizizi nayo inavuta, na majani hayatengenezi chochote kwa kuwa hakuna mwanga. Samaki huanza kupanda juu mmoja mmoja. Midomo yao hugusa uso wa maji, inafunguka na kufumba, ikitafuta ile tabaka nyembamba inayopakana na hewa. Wakubwa hutangulia kufa, kwani wanahitaji hewa nyingi zaidi. Tangi lililojaa linaweza kukutwa alfajiri limepoteza wote. Ziwani samaki angehamia maji mengine. Hapa amefungiwa, na aliyemfungia ndiye anayempa pumzi.

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie inajulikana kwa kila mtoto wa madrasa, katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura kama Lamu. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye kumiliki, zikiwemo kugharimiwa hata akizeeka au kuugua asiwe na faida tena. Kitabu cha Mithali katika Biblia, sura ya 12, kinamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Mantiki ni moja: kumfungia kiumbe ni kubeba dhamana ya yote ambayo angejipatia akiwa huru. Kwa samaki, la kwanza ni hewa.

Kwa hiyo mkulima wa Isare amesimama kati ya wadai wawili. Jirani wa chini anamwambia: chukua kidogo. Samaki wa tangini anamwambia: usipungukiwe hata saa moja. Akimsikiliza jirani peke yake, atanunua pampu dhaifu isiyo na betri na kuua samaki siku ya kwanza ya mawingu. Akimsikiliza samaki peke yake, atanunua pampu kubwa, aitumbukize kijitoni, na kuiacha izunguke usiku na mchana kwa usalama. Wengi huchagua njia hii ya pili na kuiita tahadhari.

Ugomvi huu unamalizika mtu akitambua kwamba duka limemfungia kazi tatu tofauti katika boksi moja. Kuna kuzungusha maji, kuna kuyatia hewa, na kuna kuongeza yaliyopotea. Kila moja ina mdai wake.

Kuzungusha hakuhusiani na kijito. Maji yanatoka shimo la chini kwenda tangi la juu na kurudi, na pampu ya wati 70 yenye mota isiyo na brashi inaitosha kazi hiyo kwa kimo cha mita 4. Usiku inaweza kupumzishwa kwa saa ya kujizima, izunguke dakika chache kila saa. Kutia hewa kunafanywa na pampu ya hewa ya wati 25. Kwa usiku wa saa 13 itatumia wati-saa 325, na betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 50 ina karibu mara mbili ya hizo. Hilo ndilo deni la samaki, na linalipwa kwa hewa bila kumgusa jirani. Betri ya hewa isitumiwe kwa taa wala redio. Hiyo ni amana ya wengine.

Imebaki kuongeza. Mfumo wa tangi la lita 2,000 pamoja na vitanda vyake unaweza kuwa na lita 3,500 kwa jumla. Ukipoteza asilimia 3 kwa siku, unahitaji lita 105, madumu matano na kidogo. Paa la bati la mita za mraba 40, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupata zaidi ya lita 25,000 hata ukitoa zinazopotea, na milimani mvua huzidi ya tambarare. Hiyo ni theluthi mbili ya mahitaji ya mwaka mzima bila kukaribia kijito, mradi kuwe na simtanki ya kuzihifadhi. Kinachobaki, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, kichukuliwe kijitoni kwa bomba jembamba, kwa saa inayojulikana.

Kama kijito kiko chini ya shamba na maji lazima yapande, ipo mashine ya zamani inayofaa kukumbukwa. Joseph Montgolfier, Mfaransa aliyetengeneza puto la kwanza la hewa moto pamoja na nduguye, alibuni mwaka 1796 pampu inayotumia pigo la maji yanayoteremka kuyapandisha maji machache. Mafundi huiita hidramu. Haihitaji jua wala mafuta, inagonga mchana na usiku, na sehemu kubwa ya maji inayoyapokea inayaachia yaendelee kuteremka. Haiwezi kukinywa kijito chote, kwa kuwa nguvu yake inatoka katika maji yale inayoyaachia. Kipimo chake kimo ndani ya chuma.

Kuna mdai wa tatu asiyetajwa na muuzaji, naye ni yule anayelala chini ya tangi. Lita 2,000 ni tani 2 kabla ya kuongeza kokoto, nazo zimewekwa juu ya udongo ambao mvua ikizidi huachia. Korongo la Ntahangwa limekuwa likila kingo zake na kuzitishia nyumba za mjini kwa miaka mingi. Bomba linalovuja polepole kwenye mteremko hulainisha udongo bila mtu kujua. Kanuni ya kutodhuru na kutodhuriwa, ambayo mafakihi huijengea milango mizima ya sheria, hapa ina tafsiri ya kifundi: tangi likae kwenye ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa, na maji ya kufurika yapelekwe kwa mfereji wa mawe hadi mahali salama.

Mtu atauliza kama si uonevu kumbebesha haya yote mkulima mdogo mwenye pampu ya wati 70, wakati wapo wenye uwezo wasioulizwa chochote. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu lake limo katika hukumu ileile ya Harra: aliyetakiwa kuyaachia maji hakuwa mnyonge, alikuwa binamu wa mwenye kuhukumu. Kipimo kinamfunga kwanza mwenye nguvu. Pampu ya wati 2,000 ya mwenye bustani kubwa inadaiwa hesabu kubwa zaidi, na ni wajibu wa wanaotoa vibali na mikopo kuidai. Lakini mdogo naye hayumo peke yake mlimani. Pampu moja ndogo haimuumizi mtu. Pampu ndogo mia kwenye kijito kimoja zinakikausha mwezi wa Agosti, na hakuna hata mmoja kati ya wenye nazo atakayejiona mkosaji.

Dini za mji huu zinaafikiana pia juu ya ziada. Mtume alikataza kuwanyima wengine maji yaliyozidi haja. Basil wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, aliwahubiria matajiri wa mji wake kwamba kilichozidi ghalani ni mali ya mwenye njaa. Papa Francis, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyahesabu maji salama ya kunywa kuwa haki ya msingi ya kila binadamu, iliyo mbele ya biashara. Uthman ibn Affan alikinunua kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakifanya wakfu kwa wote. Paneli za mkulima wetu nazo zina ziada: saa sita mchana, betri ikiwa imejaa, zinatoa nguvu isiyo na kazi. Inaweza kuchaji simu za majirani au kujaza simtanki yenye koki upande wa njia.

Burundi ina chombo chake cha kusimamia mambo ya namna hii. Bashingantahe, wazee wa kilima wanaoaminika kwa uadilifu, wamesuluhisha magomvi ya mipaka na ardhi kwa vizazi, na Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka taasisi hiyo ihuishwe. Hawahitaji kujua volti ili kusema pampu fulani ichukue maji saa ngapi na bomba lake liwe na upana gani. Wanahitaji kuitwa kabla haijafungwa. Kilichokubaliwa mbele yao, kikiandikwa na kuonekana, kinafanya kazi ile ile ya kifundo cha mguu.

Kwa hiyo anayekwenda kununua pampu ya mlimani asianzie dukani. Aanze kwa kuteremka na kijito hadi nyumba ya mwisho inayokitegemea, mwezi wa Agosti, maji yakiwa kidogo kabisa, aulize yanawafikia kiasi gani. Kisha awaite wazee. Kisha aende Buyenzi akawaulize mafundi ni pampu gani wanaweza kuifungua na kuipatia vipuri, kwa maana pampu isiyotengenezeka mjini itamsaliti samaki siku itakapoharibika. Akimaliza hayo, achukue pampu ndogo ya kuzungusha, pampu ya hewa yenye betri yake peke yake, simtanki ya maji ya mvua na koki moja ya jirani. Ile kubwa, hata ikiwa imepunguzwa bei, aiache dukani.